Penseli Kwanza, Wachora Ramani wa Tanga!

Enyi wachora ramani wa Tanga, ninyi mnaokesha Ngamiani na Chumbageni mmeinamia kompyuta, nisikilizeni! Mteja amekupigia simu asubuhi kwamba amepata kiwanja Kange. Hujakikanyaga. Hujui kinatazama wapi. Jioni umeshamtumia kwenye WhatsApp nyumba nzima: vyumba vitatu, kimoja masta, jiko la wazi, paa limefichwa nyuma ya ukuta, nyasi za kijani mbele na gari jeupe ambalo mwenyewe hana. Naye kakujibu kwa kidole gumba. Nakuuliza, mwanangu: kakubali nini? Kakubali gari!

Hapo ndipo penye dhambi. Sisemi kompyuta ni dhambi, hata kidogo. Dhambi ni kulichukua wazo bichi, la saa mbili, ukalivika nguo za harusi na kulipeleka kwa mwenye nyumba. Mbele ya picha iliyong'arishwa vile, mzee wa Pongwe hatathubutu kusema mlango umekaa vibaya. Ataona kazi imekwisha, yeye ndiye aliyechelewa. Ataona haya kukurudisha nyuma. Atasema sawa, kisha atalipa, atahamia, na kila jioni atakaa nje upande usiofaa akijiuliza kwa nini nyumba yake mwenyewe haimpi raha.

Mwekee basi karatasi yenye mistari ya penseli iliyopindapinda, uone maajabu! Atavuta kiti. Atatafuta miwani. Atakunyang'anya penseli. Ukuta usogee hapa, atasema; wageni wangu waishie barazani, wasione uani. Mkewe atapita, atachungulia, naye hatanyamaza: nani amekwambia mimi nikaange samaki sebuleni? Nazi naikunia huku nyuma, moshi uende kule, na mlango wa uani nautaka mpana, ndoo zipite. Hayo yote ulikuwa huyajui! Ulikuwa umewajengea watu wengine, wa mji mwingine, usioujua hata kwa jina.

Na pwani hii ina maswali yake kabla hujapiga mstari wa kwanza. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi, kisha Aprili kusi ikashika zamu. Dirisha moja likikaa mahali pake, wenye nyumba watalala bila feni. Jua la alasiri linachoma ukuta wa magharibi, nao unabaki na joto mpaka usiku. Mvua hapa hupita milimita 1,000 kwa mwaka, sehemu kubwa ikishuka masika, na wewe umenakili paa la kujificha lenye mfereji wa ndani, majani ya mwembe wa jirani yauzibe, maji yarudi sebuleni. Chumvi ya bahari inakula bati mchana na usiku. Je, programu ilikuuliza hata moja katika haya? Ilikuuliza urefu wa ukuta. Ndiyo kawaida yake: inadai sentimita kabla hujawaza, na ukishaipa namba unaanza kuionea huruma hiyo namba. Chumba ulichokwisha kukipima hukivunji. Unakinakili, unakibandika, unakiita cha watoto. Mstari wa penseli hauna bei. Unaufuta kwa kidole na unachora mwingine mzee akiwa bado anaongea.

Mtaniambia hayo ni mambo ya kizee. Haya, twende Kariakoo. Soko lile la Dar es Salaam, lenye miavuli ya zege inayowafunika wachuuzi, lilisanifiwa na Beda Amuli, mtoto wa Masasi, likafunguliwa 1975, wakati programu ya kuchorea ya AutoCAD ilikuwa bado miaka saba kuzaliwa. Au twende mbali zaidi. Jørn Utzon wa Denmark alishinda shindano la jumba la opera la Sydney mwaka 1957 kwa michoro myepesi mno. Wengine walilalamika kwamba ni michoro tu, si ramani. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wanapopokonywa silaha wanaonituhumu kuichukia mashine: mapaa yale yalipofika kwa wahandisi wa Ove Arup, mkono peke yake haukutosha. Kompyuta ilitumika kupiga hesabu, na miaka ikapita kabla jumba halijafunguliwa 1973. Kompyuta ilifanya kazi kubwa kwelikweli! Lakini ilikuta wazo limeshafika. Haikutangulia.

Wenye dini pia wana hoja zao. Muislamu anajua kwamba kalamu imeapiwa ndani ya Qur'ani, na sura nzima ikapewa jina lake. Mkristo anajua kwamba Daudi alimkabidhi Sulemani mfano wa hekalu, kumbi zake na vyumba vyake vya ndani, kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Nani ninyi mnaotaka kuanzia kwenye rangi ya vigae?

Najua atasimama mjuaji mmoja aseme: mafundi wa mashua wa Pangani hawachori kabisa, na vyombo vyao vinakwenda baharini. Kweli, ndugu yangu. Lakini fundi yule ana mti mkononi, anauzungusha, anauchagua kwa kupinda kwake, macho yake yanapima mkuku na mataruma palepale, na nahodha amesimama pembeni akimkosoa. Wewe una nini mkononi? Una panya wa plastiki, na nahodha wako yuko Kange hana habari.

Watu husema Tanga ni waja leo waondoka leo. Nyumba haiji leo ikaondoka leo. Saruji inayotoka Pongwe ikishaganda ndani ya msingi, hakuna kitufe cha kurudisha nyuma. Bomoa utalipia, na anayelipia ni mjane aliyeuza shamba la minazi.

Basi acheni! Jumamosi hii, kabla hujawasha chochote, panda bodaboda uende kiwanjani. Beba karatasi tupu, penseli ya kawaida na raba. Nenda saa kumi alasiri, jua likiwa kali, ujue linapiga wapi. Simama uusikie upepo. Uliza maji ya mvua hupita upande gani. Jirani atakuonyesha kwa mkono. Mkalishe mwenye nyumba na mkewe, wachore wao kwanza, hata kama wanachora vibaya. Chana karatasi ya kwanza mbele yao, wasiiogope ya pili. Siku wakikuambia hapa sasa ndipo, rudi nyumbani uwashe kompyuta, uweke vipimo, uhesabu nondo na tofali, utoe nakala safi za kuombea kibali halmashauri. Na lile gari jeupe, ondoa.