Siku ya Tatu ya Krismasi Ugogo

Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia methali hii kumsengenya mgeni aliyekaa mno, kana kwamba ni namna ya adabu ya kumwonyesha mlango. Mimi naona wanaionea. Upo wimbo mkongwe wa pwani unaozihesabu siku za mgeni moja moja mpaka anatimuliwa, na huo kweli unafukuza. Methali yetu haimfukuzi mtu. Inampeleka shambani. Anayetaka kuona tofauti hiyo kwa macho yake na aje Dodoma, nchi ya Wagogo, wakati wa Krismasi.

Nyanda za kati zina msimu mmoja tu wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au ndani ya Desemba, ukaisha Aprili, na mvua yote ya mwaka ni kama milimita 500 hadi 600. Anayekosa mvua za mwanzo hana msimu wa pili wa kumwokoa. Sasa tazama kilichotokea. Krismasi ililetwa kwetu na watu ambao kwao Desemba ni baridi kali, shamba limelala, na mkulima amekaa karibu na moto. Kwa watu hao siku kumi na mbili za kusherehekea hazikumharibia mtu mazao. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walipofika Mpwapwa mwaka 1876, sikukuu yao ya mapumziko iliangukia majuma yaleyale ambayo Mgogo hapumziki. Wazee wetu hawakuikataa sikukuu, wala hawakuuacha uwele. Walivipangia zamu.

Siku mbili za kwanza ni za mgeni, na hapo methali haina mzaha. Watoto na wajukuu wanashuka kutoka Dar es Salaam, Morogoro na Mwanza. Tangu mwaka 2024 treni ya mwendokasi inamfikisha mtu Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa saa zisizozidi nne. Wanapokelewa kwa salamu ya Kigogo, “mbukwenyi”, na kelele za watoto. Mkesha wa tarehe 24 kanisa linajaa mpaka nje, na kwaya za vijijini huimba kwa sauti zile za Kigogo zinazopandana na kujibizana, ngoma ikiwa katikati. Tarehe 25 ni nguo mpya, pilau na kuku wa kienyeji. Tarehe 26 mbuzi huenda akachinjwa, na jioni wazee hukaa nje wakiulizana habari za ndugu ambao hawakuja. Wapo wanaomaliza pilau wakadai ugali wa uwele na mlenda, kwa sababu hicho ndicho walichokikosa mjini mwaka mzima. Katika siku hizo mgeni haulizwi anarudi lini. Mwenyeji anayemkabidhi mtu jembe asubuhi ya Krismasi ameivunja methali sawasawa na mgeni anayelikataa tarehe 27.

Lakini kuna watu ambao hawajawahi kupewa hizo siku mbili, na hili linaniuma. Binti anayefika na basi la jioni, au mke wa kaka aliyekuja na mtoto mgongoni, huwekwa jikoni kabla hajanawa uso. Anachambua mchele, anakoroga sufuria, anaosha vyombo hadi usiku, halafu tarehe 27 naye anaitwa shambani pamoja na wanaume waliokuwa wamekaa. Kama methali ni haki, basi ni haki ya kila mgeni. Kaka zake wanaweza kuchota maji na kumenya vitunguu kwa siku mbili bila kupungukiwa na heshima.

Tarehe 27 ndiyo siku ya tatu. Ikiwa udongo una unyevu, watu huamka alfajiri. Wapo waliokwisha kulimisha kwa trekta au ng'ombe, na wapo ambao bado wanaberega, yaani kusafisha shamba na kupanda bila kutifua. Mmoja anatangulia akichimba vishimo, wa nyuma anadondosha mbegu na kufukia kwa mguu. Mjukuu wa mjini hupewa kibuyu au kopo la mbegu, na bibi humwambia punje ngapi kwa kila shimo.

Hapo ndipo naiona maana nzito ya methali. Katika nchi ya msimu mmoja, mbegu ndiyo chakula cha mwaka kesho. Huwezi kumpa mtu usiyemwamini. Mjukuu aliyezaliwa Dar es Salaam ni mgeni kwenye kaya ya babu yake, hata kama jina la ukoo analo; pilau haimwondolei ugeni huo, maana pilau hupewa hata mpita njia. Kinachomwondolea ni kuachiwa mstari wake wa kupanda, na kuulizwa baadaye umeotaje.

Mwalimu Nyerere aliitumia methali hii mwaka 1962 katika andiko lake la Ujamaa, kueleza kwamba katika jamii ya zamani kila mtu alikuwa mfanyakazi, na akaongeza kwamba mgeni mwenyewe aliweza kuliomba jembe kabla hajapewa. Hilo la kuomba ndilo kiini. Mwenye kuomba jembe hatafuti sifa ya uchapakazi. Anaomba kuhesabiwa miongoni mwa watu wa pale.

Siku hizi wengi hutuma fedha kwa simu ili mama aweke vibarua, kisha hugeuka na treni tarehe 26 jioni. Siwalaumu, likizo nyingine ni fupi, na fedha hiyo imelima mashamba ya wazee wasio na nguvu. Ila anayeweza kubaki, abaki hiyo siku moja. Kibarua atapanda vizuri na kwenda zake. Aliyepanda kwa mkono wake ndiye atakayepiga simu Februari, mvua inapokatika katikati ya msimu, kuuliza uwele wa upande wa mbuyuni umesimama au umenyauka, na ndiye atakayeuliza Mei kama kweleakwelea wameshashuka.