Mkate na Kura

Yako mambo mawili ambayo kwa sura ni mamoja, na kwa hukumu yako mbali kama mashariki na magharibi. Zawadi ni mkono unaotoa na mkono unaopokea. Na rushwa nayo ni mkono unaotoa na mkono unaopokea. Mwenye kutazama kutoka barazani hawezi kusema lipi ni lipi. Lakini zawadi huleta mapenzi baina ya watu, nasi tumehimizwa kupeana. Na rushwa huvunja nyumba, ikavunja mji, ikavunja dola, na mwenye kuitoa na mwenye kuipokea wote wawili wamelaaniwa. Basi mpaka baina yake uko wapi?

Siku za kawaida suala hili halimsumbui mtu. Jirani akimpelekea jirani yake sahani ya futari, hapana anayeuliza amekusudia nini. Huwa zito mwaka wa uchaguzi, kwani mwaka huo kila anayetoa kitu ana haja, na kila anayepokea ana kitu ambacho mwenziwe anakitaka.

Namuomba msomaji tusafiri pamoja mpaka Marekani, katika jimbo la Illinois, mwaka 1980. Nimechagua kisa cha mbali kwa makusudi. Mtu akitazama ugomvi wa kwao, macho yake huwa na vumbi la mapenzi na la chuki. Akitazama ugomvi wa wenziwe, huona sawasawa, kisha akarudi kwake na kipimo mkononi.

Mwezi wa Machi 1972 Bunge la Marekani lilipitisha pendekezo la kuongeza kifungu katika Katiba, kwamba haki ya mtu mbele ya sheria isipunguzwe kwa sababu ya kuwa ni mwanamume au ni mwanamke. Lakini Katiba ya nchi ile haibadiliki kwa Bunge peke yake. Majimbo ni 50, na ni lazima robo tatu yake, yaani majimbo 38, yaridhie katika mabaraza yao wenyewe ya kutunga sheria. Hivyo jambo la taifa zima likashuka likawa la jimbo, la jimbo likashuka likawa la mji, na la mji likaingia majumbani mpaka jikoni. Mwanzo ilionekana ni kazi nyepesi, kwani kwa muda wa mwaka mmoja hivi majimbo 30 yalikuwa yameridhia. Kisha mwendo ukapungua. Kufika 1977 yalikuwa 35, yamebaki 3 tu, na hapo pakakwama.

Aliyewakwamisha zaidi ya mtu yeyote ni bibi mmoja wa mji wa Alton, katika jimbo lile lile la Illinois, jina lake Phyllis Schlafly, Mkatoliki na mama wa watoto 6. Hakuwa na cheo cha serikali. Aligombea kiti cha Bunge 1952, na tena 1970, na mara zote mbili hizo alishindwa. Alichokuwa nacho ni gazeti dogo la kurasa chache alilokuwa akiwapelekea watu kwa posta kila mwezi, na uhodari wa kukusanya watu. Mwaka 1972 aliunda chama cha kupinga kifungu kile. Wengi waliomfuata walikuwa wake wa nyumbani na watu wa makanisa: Wakatoliki, Waprotestanti na Wamormoni, watu ambao zamani wasingependa kukaa meza moja. Watu kama hawa, wenye kushikilia mila za wazee wao na kuogopa mabadiliko ya haraka, ndio wanaoitwa wahafidhina.

Hoja yao ilikuwa kwamba kifungu kile kitamwondolea mwanamke kinga aliyokuwa nayo: haki ya kulishwa na mumewe, na kusalimika na kupelekwa vitani. Hofu hiyo ilizidi mwanzoni mwa 1980, Rais Carter alipoliomba Bunge wasichana nao waandikishwe kwa ajili ya jeshi kama wavulana. Upande wa pili nao ulikuwa na hoja yake. Walisema mwanamke hufanya kazi ile ile ya mwanamume akalipwa pungufu. Na kwamba mpaka sheria ilipokataza, mwaka 1974, benki iliweza kumnyima mkopo kwa sababu tu ni mwanamke. Kila upande ulikuwa na akina mama wenye akili na wenye uchungu. Sikukusudia leo kuamua nani kati yao alisema kweli. Nataka tuitazame mikono yao.

Mji mkuu wa Illinois ni Springfield. Akina mama wa Bibi Schlafly walimjua kila mjumbe wa baraza la jimbo kwa jina lake, mji wake, na kura aliyopiga mara ya mwisho. Waliwaandikia barua, wakawapigia simu, wakasafiri kwenda kuonana nao. Na walipokwenda hawakwenda mikono mitupu. Walichukua mikate waliyoioka wenyewe majumbani mwao, na chupa za jemu waliyoipika wenyewe, wakawagawia wajumbe, kana kwamba wanawaambia: hii ni hadiya ya wanaooka kwa wale wanaotoka kwenda kutafuta.

Mwaka ule wa 1980 ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Wajumbe wa baraza la chini walikuwa 177, na viti vyote vilikuwa vikirudi kwa wapigaji kura mwezi wa Novemba. Mtu katika hali hiyo ni mnyonge: anahitaji fedha, anahitaji watu wa kumtembelea mitaa, na anaogopa kila mlango unaofungwa. Mwezi wa Mei, mama mmoja aliyekuwa akijitolea upande wa kuunga mkono kifungu kile alimpa mjumbe mmoja kadi ndogo. Nyuma yake ameandika kwa mkono kwamba atampatia msaada katika uchaguzi wake, pamoja na dola 1,000, kwa ajili ya kura yake. Mjumbe akaitoa kadi ile hadharani. Mama akashtakiwa. Akajitetea kwamba alikusudia mchango wa kampeni, kitu ambacho sheria ya kwao inakiruhusu. Mahakama haikukubali, na mwaka ule ule akatiwa hatiani kwa kosa la rushwa.

Kura ikapigwa tarehe 18 Juni. Wajumbe 102 waliunga mkono, 71 wakapinga. Penginepo huo ungekuwa ushindi. Lakini kanuni ya Illinois katika jambo hili ilidai sehemu tatu ya tano, yaani kura 107. Zikapungua 5, na kifungu kikaanguka.

Hapa yataka insafu kabla ya hukumu. Kosa la mmoja si kosa la jamaa zake wote. Upande ule ule wa mama aliyetiwa hatiani walikuwako maelfu waliotembea kwa miguu na kuandika barua bila ya kumpa mtu senti. Na mwaka 1982 wanawake 7 waligoma kula mjini Springfield kwa siku 37, wakiweka miili yao wenyewe rehani badala ya fedha. Tumeamrishwa kwamba chuki ya watu isitupeleke kuacha uadilifu, na amri hiyo haikuwabagua watu wa mbali.

Sasa turudi kwenye suala letu. Mkate ulitolewa kwa mjumbe, na dola 1,000 aliahidiwa mjumbe. Mkate ulikuwa na haja nyuma yake, na dola zilikuwa na haja nyuma yake, tena haja ni moja: kura. Kwa nini basi sote moyoni twahisi kwamba si kitu kimoja?

Wako watakaosema: tafauti ni kiasi, mkate ni kitu duni na dola 1,000 ni mali. Jawabu hili halitoshi. Kwa mwenye njaa mkate ni mali, na kwa tajiri dola 1,000 ni duni. Lau rushwa ingalipimwa kwa ukubwa, basi maskini wangalinunuliwa kila siku na pasingekuwa na kosa, kwa kuwa bei yao ni ndogo.

Wengine watasema: tafauti ni nia. Hili ni karibu zaidi na haki, kwani kila amali ina nia yake. Lakini nia iko kifuani na ufunguo wake hauko kwetu. Hata huyu mama mwenye kadi alisema nia yake ilikuwa njema. Na nani katika watoaji wote wa dunia aliyepata kusema nia yake ilikuwa mbaya?

Tuna kipimo chengine, nacho ni cha kale. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu mmoja wa kabila la Azd kwenda kukusanya zaka. Aliporudi akaitenga mali mafungu mawili: fungu hili, akasema, ni lenu, na hili nimepewa mimi hadiya. Mtume akakasirika, akapanda mimbari, akahoji maana yake ni hii: lau mtu yule angalikaa nyumbani kwa babake au mamake, hadiya hiyo ingalimfuata huko? Angalia ukali wa kipimo hiki. Hakikuuliza kiasi, wala hakikuuliza nia. Kimeuliza jambo moja tu: kilichopewa ni mtu, au ni kiti alichokikalia?

Tukikitumia kwa uadilifu, hata mkate wa Springfield hautoki safi. Mjumbe yule lau angalikuwa fundi seremala nyumbani kwake, akina mama wale wasingepanda gari alfajiri kumpelekea mkate na jemu. Waliupeleka kwa sababu ya kiti. Msomaji anayependa kuwaona wahafidhina kuwa ni malaika kwa kuwa walitetea nyumba, na asimamie hapa kidogo.

Lakini ziko tafauti mbili ambazo lazima tuzitaje. Ya kwanza, mkate ulitolewa mchana mbele za watu, na waliotoa walitaka uonekane. Kadi iliandikwa nyuma na kukabidhiwa mkononi. Jambo ambalo mwenye kulitenda anataka lijulikane, huwa limekwisha kupita mtihani mmoja. Ya pili, na hii ndiyo nzito, mkate haukuwa na sharti. Aliyeula aliweza kupiga kura apendavyo, na hapana wa kumwambia amevunja mkataba. Kadi ilikuwa ni mkataba: toa hiki, chukua hiki.

Na hapo ndipo ulipo mpaka wenyewe. Ukimpa mtu kitu naye akakupa kitu, hiyo ni biashara, na biashara ni halali. Ila biashara ina sharti moja ambalo mtoto wa dukani analijua: huwezi kuuza kisicho chako. Kura ya mjumbe si mali yake. Ni amana ya watu wa mji wake, wameiweka kwake kwa muda. Akiiuza, ameuza mali ya wenyewe nao wamelala. Na anayeinunua amenunua kitu cha wizi, hata kama haja yake ilikuwa njema. Haki ikinunuliwa kwa wizi, inaingia nyumbani na aibu.

Kwa hivyo zawadi inayomkumbusha mjumbe wenye amana ni nani, ina udhuru. Na ile inayomsahaulisha, haina. Na kwa kweli nguvu ya akina mama wale haikuwa katika mkate. Mkate ulikwisha siku ile ile. Nguvu yao ilikuwa kumjua mjumbe wao, kumwandikia, kumfuata, na kutochoka kwa miaka 10. Hiyo ni nguvu ambayo mnyonge yeyote anayo na hapana sheria inayoikataza.

Suala hili limepata kufika na kwetu. Mwaka 2000 Tanzania ilibadilisha sheria yake ya uchaguzi ikaruhusu mgombea kuwakirimu wapigaji kura, na jambo hilo likaitwa takrima. Jina zuri, la asili yetu na la dini yetu. Lakini mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaamua kwamba ruhusa ile inapingana na Katiba, kwani haikuwaweka sawa mgombea mwenye mali na asiye nayo. Twapata hapa funzo kwamba neno tukufu laweza kuvishwa kitu kisichostahiki. Ukarimu ni kumpa mgeni asiyekudai wala humdai. Anayekirimu msimu wa kura peke yake, kisha milango yake ikafungwa miaka mitano, huyo hakukirimu.

Atauliza mama mmoja: mimi kura ni yangu, si amana ya mtu, nikiiuza kwa kilo mbili za sukari namdhulumu nani? Namjibu kwa upole, kwani sukari hainunuliwi kwa maneno na watoto hawanyweshwi nasaha. Lakini kura, mama yangu, ni ushahidi. Unashuhudia kwamba mtu huyu anafaa kukabidhiwa mambo ya watu. Ukishuhudia usiyoyajua kwa sababu ya sukari, wa kwanza kudhulumika ni jirani yako, na wa pili ni mtoto huyo huyo aliyeinywa. Na kama umekwisha kuipokea na dhamiri inakusuta, basi jua kwamba ahadi ya kutenda kosa haimfungi mtu. Shuhudia unaloliamini. Ila bora kuliko hayo ni kuurudisha mkono kabla ya kuunyosha, kwani aliyekula cha mtu macho yake huona haya.

Illinois mwisho wake ni nini? Muda wa kifungu kile ulikwisha tarehe 30 Juni 1982, na majimbo yalikuwa yale yale 35. Wahafidhina wakasherehekea. Bibi Schlafly alifariki 2016. Mwaka 2018 Illinois yenyewe, ile iliyokataa, ikaridhia. Na mwaka 2020 Virginia ikawa jimbo la 38, ukazuka ubishi mpya kama kuridhia baada ya muda kunahesabiwa au hakuhesabiwi. Walioshinda wameona ushindi wao ukitikisika, na walioshindwa wameona kushindwa kwao kukigeuka nusu ushindi.

Hivyo ndivyo mambo ya dola yalivyo. Leo huku, kesho kule. Lisilogeuka ni namna mtu alivyokwenda kuyatafuta. Kadi ile imeandikwa, na barua zile zimeandikwa, kila moja kwa mwenyewe. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutoa bila ya kununua, na kupokea bila ya kuuza. Amin.