Uyoga wa Msituni na Kitabu Chenye Kufuli

Majira ya kupukutika majani yanapoingia Sweden, misitu hujaa watu wenye vikapu na mabuti ya mpira. Wanatafuta uyoga wa manjano uitwao kantarell na matunda madogo mekundu ya lingon, ambayo hutengenezwa jamu ya kulia nyama wakati wote wa baridi. Misitu hiyo ina wenyewe, na sehemu kubwa ni mali ya watu binafsi. Hata hivyo mchumaji haombi ruhusa wala halipi ada, kwa sababu desturi ya kale iitwayo allemansrätten, ambayo tangu 1994 imetajwa katika katiba, inampa kila mtu haki ya kutembea porini na kuchuma. Jioni, giza likishaingia mapema, mtu huyohuyo hufungua kitabu pepe alichokinunua kwa fedha zake na kukutana na sheria ya namna nyingine kabisa. Mara nyingi hawezi kumwazima jirani wala kukihamishia kwenye kifaa ambacho muuzaji hakukiridhia, na akivunja kufuli ya kidijitali iliyomo ndani yake amevunja sheria. Naona msitu una sheria yenye busara kuliko kitabu.

Sisemi hivyo kwa sababu msitu ni shamba la bibi. Miti ni ya mwenyewe, na hata tawi bichi huruhusiwi kulikata. Msimu wa kuwinda älg, yule mnyama mkubwa mwenye pembe pana, huanza Septemba kaskazini na Oktoba kusini, lakini haki ya kuwinda ni ya mwenye ardhi au aliyeruhusiwa naye. Mazao ya shambani hayakanyagwi, na ua wa mtu hausogelewi. Sheria imeuliza swali moja: mwenye mali anaishi kwa kitu gani? Anaishi kwa mbao, si kwa uyoga. Basi mbao zimelindwa na uyoga ukaachwa kwa wapita njia. Hakimiliki haiulizi hivyo. Yenyewe huanza na nakala, iwe inamdhuru mtunzi au haimdhuru, kisha huorodhesha misamaha michache. Tazama Astrid Lindgren, aliyechapisha kitabu cha Pippi Långstrump mwaka 1945 na kufariki Januari 2002. Kwa kuwa Ulaya inalinda kazi miaka 70 baada ya kifo, kitabu hicho kitakuwa mali ya umma mwaka 2073. Sioni mwandishi gani wa mwaka 1945 aliyeshika kalamu kwa tamaa ya mapato ya 2072. Na mwaka 2009 Amazon ilifuta nakala za riwaya ya George Orwell, 1984, ndani ya vifaa vya wasomaji waliokwisha kuzilipia, kwa kuwa aliyeziuza hakuwa na haki ya kuziuza. Fedha walirudishiwa. Ridhaa yao haikuombwa.

Mtu atasema uyoga hauna mtunzi: huota wenyewe, ilhali kitabu kimemtoa mtu jasho. Hoja hiyo ni nzito, na Chama cha Maharamia cha Sweden, kilichopigania hakimiliki ilegezwe na kupata asilimia 7.1 ya kura za Bunge la Ulaya mwaka 2009, kwa maoni yangu hakikuijibu vya kutosha. Mara nyingi kilizungumza kana kwamba msitu hauna mbao. Lakini jibu lipo hukohuko kaskazini. Denmark tangu 1946, na Sweden tangu 1954, serikali huwalipa waandishi kwa ajili ya vitabu vyao vilivyo maktabani. Msomaji anaazima bure na mwandishi anapata chochote. Kumbe riziki ya mtunzi inaweza kulindwa bila kumfunga kufuli kila msomaji.

Pingamizi la pili linanisumbua zaidi. Uhuru wa msituni umezaa biashara: kampuni huleta wafanyakazi wa msimu, wengi wao kutoka Thailand, kuchuma matunda kwa tani, na wenye ardhi wamelalamika. Vivyo hivyo vitabu vikiachwa wazi, wenye mashine kubwa za akili unde watakuwa wa kwanza kufika na magunia. Ni kweli, ila sheria ya sasa haizuii hilo. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2019 linaruhusu hata kampuni za biashara kuchakata maandishi kwa kompyuta, maadamu zimeyapata kihalali na mwenye haki hajakataza. Raia anayetaka tu kumwazima dada yake kitabu pepe hajapewa mlango kama huo. Mwenye gunia amefunguliwa, mwenye kikapu amefungiwa. Ingefaa iwe kinyume: mtu binafsi apewe nafasi pana, na anayevuna kwa biashara alipie.

Kwetu Afrika Mashariki, Tanzania Bara na Kenya zinalinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, muda ambao Mkataba wa Berne unautaka kama kima cha chini. Ndiyo maana vitabu alivyochapisha Shaaban Robert, aliyefariki 1962, kwa hesabu hiyo vimekuwa mali ya umma tangu 2013. Wabunge wetu wakiletewa siku moja muswada wa kufika miaka 70 kwa hoja kwamba Ulaya ndivyo ifanyavyo, waukatae. Fedha na nguvu zielekezwe kwenye mirabaha ya waandishi walio hai.