Meneja wa Ziara ni wa Nani?

Kijana wa Babati anayetamani kuwa meneja wa ziara za wanamuziki ana shule karibu kuliko anavyodhani. Amtazame katibu wa kwaya anayewapeleka waimbaji Mbulu kwenye tamasha. Anakodi Coaster, anatafuta pa kulala, anagawa posho, anahakikisha jenereta ina mafuta na vyombo vimejaribiwa kabla watu hawajajaa. Kazi anaifanya, cheo tu ndicho hana. Ukiongeza mikataba, advansi ya promota na vibali, hayo nayo yanajifunzwa kwa kumfuata anayejua, msimu hadi msimu.

Linalonisumbua ni hili: meneja ni wa nani?

Babati ni njia panda. Ukitoka Arusha, hapa unachagua Singida au Dodoma kupitia Kondoa. Sasa tuseme shoo ya Arusha imeisha saa tisa usiku, na kesho kuna nyingine Dodoma. Tiketi zimeshauzwa. Msanii anataka kuwahi. Dereva hajalala tangu jana asubuhi. Wamekwenda kama kilomita 170, wanaingia Babati, gesti zipo. Nani aseme, "Tunalala hapa"?

Wengi watajibu: anayelipa ndiye anayeamua. Wengine watasema ahadi ni deni, na watu wa Dodoma wametoa hela zao. Hoja hiyo ina uzito. Lakini deni la tiketi hulipika: shoo inasogezwa, au hela inarudishwa. Machi 2011, wanamuziki 13 wa Five Stars Modern Taarab walifariki kwa ajali ya gari Mikumi, wakiwa safarini kurudi Dar es Salaam. Sisemi ratiba ndiyo iliyowaua. Nasema kuna hasara ambayo hakuna promota anayeweza kuirudisha.

Kwa hiyo meneja, hata kama analipwa na msanii, ni wa wale waliolala viti vya nyuma wakiamini kuna mtu yuko macho kwa ajili yao.

Ila tusidanganyane. Kumwambia kijana asiye na kazi nyingine ambishie bosi wake usiku wa manane ni rahisi kwetu tunaosoma tukiwa tumekaa. Akifukuzwa, hatutamlipia kodi. Ujasiri wa namna hiyo haufai kuachiwa saa tisa usiku. Unatakiwa uandaliwe mchana, mezani: saa za dereva kupumzika ziandikwe kwenye mkataba, dereva wa pili awemo, na bajeti iwe na hela ya gesti ya dharura. Msanii akisaini hayo mapema, usiku ule kijana hatabishana naye. Atamsomea tu alichokubali.

Ndiyo maana siamini kwamba ujuzi ni kitu kimoja na maadili ni kingine. Ratiba ni karatasi inayoamua nani atalala na nani hatalala. Anayejifunza kuipanga ajue anashika roho za watu.