Thamani ya Mtoto na Macho ya Watu

Mtoto hazaliwi akiijua thamani yake. Huisoma kwanza katika nyuso za wanaomlea: anavyopokewa anapolia, sauti inayomwita, jina analopewa. Mwaka 1902 mwanasosholojia Mmarekani Charles Cooley aliifananisha hali hiyo na kujitazama katika kioo, kioo chenyewe kikiwa ni watu wengine. Wahenga walikwishasema: mtu ni watu. Hapo ndipo penye ugumu. Ikiwa mtoto hujijua kupitia watu, atajithaminije bila kutegemea kauli zao?

Ni lazima kwanza sifa itenganishwe na thamani. Sifa hutolewa kwa jambo lililofanyika, na aliyeitoa leo aweza kuiondoa kesho. Thamani haikutolewa na jirani wala mwalimu. Katika Mwanzo 1:27 binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Katika Surat al-Israa, aya ya 70, wanadamu wametukuzwa na Muumba wao. Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani, alikaribia hapo mwaka 1785 kwa njia ya hoja: chenye bei hubadilishwa kwa kingine, bali utu hauna bei. Mtoto wa miaka mitano hawezi kuifuata hoja ya Kant, lakini anaelewa vizuri sana kwamba mama yake hawezi kumbadilisha kwa mtoto wa jirani aliyeshika namba moja.

Akianza shule, vipimo huongezeka. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila kuorodhesha shule na watahiniwa bora. Nyumbani, hata hivyo, swali la kwanza bado ni "Umekuwa wa ngapi?" Hata sifa njema yaweza kudhuru. Utafiti wa Claudia Mueller na Carol Dweck wa mwaka 1998 ulionyesha kuwa watoto waliosifiwa kwa akili walikata tamaa upesi waliposhindwa kuliko waliosifiwa kwa juhudi, kwani kushindwa walikuona kama hukumu juu ya akili zao.

Majeraha makubwa zaidi huingia kwa mzaha. Mtoto huitwa Bonge au Kimbaumbau, wakubwa wakacheka, naye akacheka nao kwa kuwa hana la kufanya. Kisha anaacha kuvua shati mbele za wenzake. Surat al-Hujurat, aya ya 11, inakataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, wala haikumtoa mtoto katika katazo hilo. Anayelea katika Ukristo anacho kisa cha Daudi cha kumsimulia mtoto wake: Yese, baba wa Daudi, aliwapitisha wana saba mbele ya nabii Samweli, na mdogo aliyekuwa machungani hakuna aliyekumbuka kumwita, ilhali ndiye aliyechaguliwa kuwa mfalme.

Kujithamini huku si kiburi. Kiburi huhitaji mtu wa kudharauliwa, na mtoto mwenye kiburi yu mtumwa wa macho ya watu zaidi kuliko mwenye haya. Anayejithamini hukosolewa bila kuvunjika, mradi kinachokemewa ni kitendo: "Umesema uongo," si "Wewe mwongo."

Mkubwa naye akimkosea mtoto, na amwombe radhi. Hapo mtoto huonyeshwa kwamba heshima haipimwi kwa umri. Jambo hilo ni adimu katika nyumba nyingi, na linastahili kuanzwa.