Je, Yatupasa Kuwahamisha Wazazi Wetu?

Liko swali ambalo siku hizi laingia katika nyumba nyingi za Wakristo wa nchi hii, wala haliulizwi tena mijini tu. Kijana alikwenda ng'ambo kwa masomo au kwa kazi; akafunga ndoa huko, akapata watoto, akapewa haki ya kukaa daima. Miaka ikapita. Sasa aandika nyumbani kwamba mama amezeeka, naye hawezi kumtunza akiwa mbali; kwa hiyo ataka kumdhamini ahamie kwake kabisa. Jamaa wakisikia habari hiyo hugawanyika mara moja. Wengine husema, “Huyu ndiye mtoto mwenye shukrani.” Wengine husema, “Mti uliokwisha kuzaa haung'olewi.” Twaona vema kulipima shauri hili kwa utulivu, maana linagusa Amri ya nne ya Mungu, nayo ni amri isiyo na mpaka wa nchi.

Kwanza tukumbuke kwamba kuhama si jambo geni kwetu. Watu wa Busisi, ng'ambo ya magharibi ya Ghuba ya Mwanza, wanalijua hilo kuliko wengi. Katika miaka ya 1950, ardhi ya Usukuma ilipokuwa imechoka kwa wingi wa watu na ng'ombe, maelfu ya jamaa walihamia upande wa Geita, katika nchi ya Wazinza, ambako mapori ya mbung'o yalikuwa yakifyekwa. Mara nyingi hutangulia vijana wenye nguvu, kisha huja swali lile lile: wazee waletwe, au waachwe penye makaburi ya baba zao? Ugumu wa leo ni kwamba aliyehama siku zile aliweza kurudi kwa miguu na kwa mtumbwi kumwona mzazi wake. Anayehamia Toronto au Minneapolis hawezi.

Tena safari ya leo ina mlango wenye walinzi. Nchini Kanada, mtoto anayemdhamini mzazi au babu na bibi yake huonyesha kipato cha kutosha kwa miaka 3 mfululizo, kisha hutia sahihi ahadi ya kumtunza kwa miaka 20, isipokuwa katika jimbo la Quebec ambako ni miaka 10. Wala kutaka si kupata: watu waliojiandikisha mwaka 2020 ndio waliokuwa wakichaguliwa kwa bahati nasibu hata mwaka 2025. Nchini Uingereza, tangu Julai 2012, mzazi hupokelewa tu kama hawezi kujihudumia katika mambo ya kila siku, na kama matunzo hayo hayawezi kupatikana kwao hata kwa fedha za mtoto wake. Nchini Marekani, tangu sheria ya mwaka 1965, wazazi wa raia hawahesabiwi katika mgawo wa kila mwaka. Lakini ni raia peke yake, aliyetimiza miaka 21, awezaye kuwaombea, na hata hivyo amri za serikali zaweza kuufunga mlango huo. Nayo sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Basi Mtanzania anayetaka kumpeleka mama yake Marekani kwa njia hiyo lazima kwanza aache kuwa Mtanzania. Mwana huwa mgeni katika nchi ya mama, ili mama apate kuwa mkaazi katika nchi ya mwana. Si dhambi, lakini ni gharama, na wenye kushauri wasiifiche.

Sasa tusikilize hoja za wale wanaotaka kuwahamisha wazazi, maana hoja zao si nyepesi. Fikiri mjane wa Busisi mwenye miaka 75. Huku bara hakuna pensheni ya wazee wote kama ile iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 2016. Shamba limemshinda, na kuni ziko mbali. Akiugua, hospitali ipo Sengerema. Ugonjwa ukizidi, lazima apelekwe Bugando, Mwanza. Zaidi ya hayo iko hofu ambayo haisemwi kwa sauti. Katika Usukuma na nchi za jirani, hasa katika miaka ya 1990 na 2000, wanawake wazee wengi waliuawa kwa kusingiziwa uchawi, na wengine walitambuliwa kuwa “wachawi” kwa macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni mwao. Mtoto anayekumbuka hayo, halafu akalala salama ng'ambo huku mama yake akilala peke yake, tutamlaumuje akitaka kumchukua? Wahenga walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Fedha zinazotumwa kwa simu huleta unga na dawa. Hazileti mkono wa kumwinua mgonjwa kitandani.

Hata hivyo, na wanaokataa wana haki ya kusikilizwa. Mama huyo huyo, akiwa Busisi, ni mtu. Apitapo njiani husalimiwa kwa heshima. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo hushika nafasi yake katika sala. Kwenye msiba huulizwa desturi, na kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba huitwa kushuhudia. Mpeleke Kanada mwezi wa Januari. Theluji yamfungia ndani. Mwana na mkwe watoka alfajiri, warudi usiku. Wajukuu wamjibu kwa Kiingereza. Misa anaijua kwa mpango wake, lakini mahubiri hayaelewi. Ameshiba, ana joto, daktari yuko karibu, wala hapana hata mtu mmajo anayehitaji neno lake. Tena hawezi kukaa Busisi apendavyo: mkaazi wa kudumu wa Kanada lazima awe amekaa nchini humo siku 730 katika kila miaka 5, na mkaazi wa Marekani akiondoka zaidi ya mwaka mmoja bila kibali yumo hatarini kupoteza haki yake. Waliompa makao wamempa na kamba.

Maandiko Matakatifu yana wazee wawili walioletewa mwaliko wa namna hii, nao walijibu mbalimbali. Wa kwanza ni Yakobo. Mwanawe Yosefu alikuwa mtu mkubwa katika Misri, na njaa ilikuwa imeishika Kanaani. Yosefu alipeleka magari kumchukua baba yake, na mzee akaenda, akiwa na miaka 130, akaishi huko miaka 17. Lakini kabla ya kufa alimwapisha Yosefu kwamba hatamzika Misri, naye Yosefu akaitimiza ahadi. Wa pili ni Barzilai, mzee wa miaka 80, ambaye alimlisha mfalme Daudi alipokuwa akimkimbia Absalomu. Vita vilipokwisha, Daudi alitaka kumlipa kwa kumpeleka Yerusalemu akae naye. Barzilai akakataa kwa adabu. Aliona kwamba uzee wake haukuwa tena na haja ya starehe za ikulu, akaomba arudi kufa katika mji wake, karibu na kaburi la baba na mama yake. Daudi hakumshurutisha. Alimbusu, akambariki, akamchukua Kimhamu badala yake.

Ni nani kati yao aliyefanya vema? Wote wawili, na vema walifanya pia Yosefu na Daudi. Mmoja alimpokea mzee aliyekubali, akaitunza ahadi ya kaburi. Mwingine alimwacha mzee aliyekataa, wala hakumnyima heshima yake. Basi hapa ndipo lilipo jibu la swali letu. Amri haikusema wazazi wakae wapi. Imesema waheshimiwe; na sehemu ya kwanza ya heshima ni kumwuliza mtu jambo linalohusu maisha yake na kulipokea jibu lake. Mzee si mzigo wa kuhamishwa, wala si pambo la kumwonyeshea jirani jinsi tulivyofanikiwa. Wengi hujaza hati kwanza, ndipo humwarifu mama, naye, asije akamvunja moyo mtoto, husema, “Kama umekwisha kulipa, mwanangu, nitakuja.” Maneno hayo si kukubali. Ni mama kumwonea huruma mtoto wake mara nyingine tena.

Kwa hiyo twawashauri ndugu zetu walio ng'ambo wajipime kwa maswali matatu. Je, ungemtaka mama yako kama asingaliweza kulea watoto wako? Maana wako wanaomwita bibi kwa machozi ya upendo, lakini haja yao hasa ni yaya asiyelipwa. Mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Bibi huyu hupewa mtoto mchanga siku ya kwanza. Kulea wajukuu ni furaha ya wazee, ila kusiwe ndiyo bei ya mkate wao. Swali la pili: je, amekwisha kupaonja? Kanada huwapa wazazi na mababu ruhusa maalum ya kuzuru, iliyoanzishwa Desemba 2011, na tangu mwaka 2022 mgeni wa namna hiyo aweza kukaa hata miaka 5 kwa safari moja, mradi awe na bima ya matibabu. Bima hiyo ni ghali. Lakini ni nafuu kuliko kumhamisha mtu moja kwa moja mahali asipopajua. Swali la tatu: je, umemwachia njia ya kurudi? Nyumba yake isiuzwe. Shamba lisigawanywe. Naye aahidiwe wazi, mbele ya ndugu wote, atakapozikwa.

Akisema hapana, wajibu haukwisha; ndipo unapoanza. Aliyekataa kwenda ana haki ile ile ya kutunzwa kama aliyekubali, wala asiadhibiwe kwa kupunguziwa matumizi. Ndugu wakae pamoja waamue ni nani atakayekuwa naye kwa mwili, na ni nani atakayegharimia. Tena yule anayemwogesha na kumpikia asihesabiwe kuwa mdogo kuliko yule anayetuma fedha.

Na hapa hatuna budi kuwageukia wale wasiohitaji hati yoyote ya ukaazi. Kwa miaka mingi watu wa Mwanza walikuwa na udhuru: kivuko cha Kigongo na Busisi, foleni ya magari, kungoja usiku. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la kilomita 3 lilifunguliwa juu ya maji yale, na udhuru ukaondoka. Hata hivyo wako wazee ng'ambo hii ambao watoto wao wako Mwanza, nao huwaona wakati wa msiba tu. Katika Bukumbi, karibu na Kigongo, yako makazi ya wazee wasio na wa kuwatunza. Mtoto aliye Toronto hukesha akihesabu kama kipato chake chatosha kumleta mama yake. Aliye Nyegezi hutakiwa nauli ya basi tu. Basi kabla hatujamhukumu yule wa mbali, kila mmoja wetu aangalie ni lini alipovuka mara ya mwisho, na Jumapili ijayo, baada ya Misa, avuke.