Nani Anapashwa Kujuta? Juu ya Visu vya Bankambo

Kati ya watu wanaokusanya visu vya zamani kuko hadisi moja ambayo hawachoki kuirudilia. Mutu alikwenda ku maonyesho ya vitu vya Afrika, kwa mufano kule Brussels mu mutaa wa Sablon, penye wachuuzi wengi wa vitu hivyo. Akaona kisu kimoja. Akakishika, akauliza bei, akasema: ngoja nizunguke kwanza. Aliporudi, mahali pa kisu palikuwa patupu. Miaka imepita, na visu vyote alivyonunua hakumbuki vizuri, lakini kile alichokiacha anakikumbuka mpaka alama za mupini wake.

Sisi tunaosikia hayo tunaweza kucheka. Lakini kisu kile kilitoka wapi? Mara nyingi kilitoka kwetu. Basi tunapashwa kujiuliza: kama mugeni anajuta sababu hakukinunua, sisi tuliokiuzisha tujute ginsi gani? Na tujute juu ya nini hasa?

Tutoe mufano mumoja wa jamaa ya mwenzetu, bila kutaja jina. Kisu cha nkambo kilikaa juu ya mulango miaka mingi. Kila siku ya kuoza musichana kilishushwa, kikawekwa juu ya mukeka mbele ya wakwe, kisha kikarudishwa mahali pake. Mu miaka ya 1990, wakati feza ya Zaire ilikuwa inapoteza nguvu kila juma, muchuuzi mumoja akapita. Kisu kikaenda naye. Nyuma ya miaka mingi, mutoto aliyekuwa amekuwa mutu muzima akauliza:

– Baba, kile kisu kilikwenda wapi?

– Nilikiuzisha, mwanangu. Ulikuwa mugonjwa, na feza ya dawa haikukuwa.

– Na mufua chuma aliyekitengeneza aliitwa nani?

Muzee akanyamaza. Halafu akasema: «Ile sikumuuliza baba yangu.»

Tuangalie vizuri. Hapa vitu viwili vimepotea, lakini havifanani. Kisu kilitoka juu ya uzima wa mutoto, na hakuna mutu mwenye haki ya kumuhukumu baba yule. Nkambo mwenyewe, kama angeulizwa, angesema: uzisha. Lakini jina la mufua chuma halikuuzishwa. Lilipotea zamani, wakati kisu kingali juu ya mulango na watu wote wanapita chini yake. Muchuuzi hakulibeba. Sisi wenyewe tuliliacha lianguke.

Wengine watasema: jina ni kitu gani, kisu ni kisu. Hapana. Kwa Wakuba wa Kasai kuko kisu kinachoitwa ikul. Masimulizi yao yanasema kwamba mufalme Shyaam aMbul aNgoong, wa karne ya 17, alikataza kisu cha kurusha mu vita, akaweka ikul kuwa alama ya amani. Sanamu za wafalme wao, zinazoitwa ndop, zinashika kisu hicho mu mukono wa kushoto. Mutu asiyejua masimulizi hayo ataona silaha. Anayeyajua ataona mufalme aliyechoka na vita. Chuma ni kilekile. Vilevile kwa Watopoke, upande wa Kisangani, kulikuwa vyuma virefu vya umbo la mukuki, vinavyokaribia kimo cha mutu. Havikuwa vya kuchoma mutu. Vilikuwa mali, vilitolewa kwa mahari. Ukiviona bila kuambiwa, utawaza vita mahali palipokuwa ndoa.

Tunajua mambo mengi ya Wakuba pia sababu Emil Torday, muzaliwa wa Hungaria, alipofika kwao mu mwaka 1908, hakubeba vitu tu. Aliketi na wazee, akauliza, akaandika. Vitu vingi alivyobeba viko London mpaka leo, na hilo ni neno lingine la kuzungumza. Lakini masimulizi yalibaki. Visu vingine vingi vilipita mu mikono ya watu wasiouliza kitu, na leo vimefungiwa kikaratasi cha maneno matatu: kisu, Kongo, chuma.

Kuko tena wanaosema kwamba wakusanyaji ndio waliookoa vitu vyetu. Vingebaki kwetu, vingeliwa na kutu ao vingeungua mu vita. Ni kweli kwa sehemu, tusijidanganye. Mobutu alidai vitu hivyo mbele ya Umoja wa Mataifa mu mwaka 1973. Kati ya 1976 na 1982 makumbusho ya Tervuren ilirudisha vitu 114. Lakini vingine vilipotea tena kutoka makumbusho ya Kinshasa. Basi kufungia kitu mu kabati, ikiwa kule ao huku, hakutoshi. Aliyechunga chuma bila neno lake amechunga nusu.

Kwa hiyo tunaona majuto ni ya namna mbili. Mukusanyaji anajuta sababu mukono wake ulifunguka mapema. Majuto yake yanaweza kupona, siku kisu kile kitarudi sokoni. Sisi tunajuta sababu tulikaa na kisu miaka yote bila kukiulizia. Hayo hayaponi, hata kisu kikirudishwa kesho na ndege ya serkali. Kitarudi kwa watu wasiojua kukipokea.

Lakini wazee wangaliko. Wafua chuma wangaliko mu vijiji vyetu. Ndiyo sababu tunaomba kila jamaa ichague kitu kimoja: kisu, shoka, kiti. Muulize nani alikitengeneza, siku gani kilishushwa, nani alikuwa na haki ya kukishika na nani hakuwa nayo. Mwandike mu kaye ya mutoto, haizuru. Na kama siku moja njaa ao ugonjwa vitawalazimisha kukiuzisha, mukiuzishe bila haya. Mumupe munuzi maneno yake yaliyoandikwa, na ninyi mubaki na yenu.

Muzee yule tulimwalika ku mukutano wetu. Jina la mufua chuma hakulipata. Lakini alikumbuka kwamba kisu kilipakwa mafuta ya mawese kabla ya kuwekwa juu ya mukeka, kwamba mama yake hakukigusa, na kwamba ncha yake iligeuzwa daima upande wa mwenye nyumba, hapana upande wa wakwe. Tukamuuliza kwa nini. Akasema: «Ili wajue hatuwatishi.» Tuliandika yote. Ni mistari sita tu, na mutoto wake amekwisha kuinakili.